Kwanza hewa, halafu mvua: kibanda cha kokpiti kwa bahari ya Tanga

Kwa bahari yetu hii, kibanda cha kokpiti hupangwa kuanzia mahali hewa itakapotokea. Mvua inashika nafasi ya pili. Nalisema hili bila kusita, na naliandika kwa sababu karibu kila mteja anayefika karakanani kwangu Ngamiani huja na picha ya kwenye simu iliyopigwa nchi za baridi.

Kwa msomaji asiyezijua hizi boti: yoti ya matanga ina sehemu ya wazi iliyozama upande wa tezi, yaani nyuma, yenye mabenchi kulia na kushoto. Humo ndimo nahodha na wenzake hukaa safari nzima wakishika usukani na kamba. Hiyo ndiyo kokpiti. Jua linaipiga, mvua inaipiga, na maji yanayorushwa na omo, yaani pua ya boti, yanaishukia. Kibanda ni paa na mapazia yanayoizunguka. Mbele kuna kofia yenye madirisha, inayokinga mlango wa kushukia chumbani. Nyuma, juu ya usukani, kuna paa ambalo mabaharia huliita bimini. Katikati kuna kipande kinachoyaunganisha hayo mawili kwa zipu. Kisha pembeni na nyuma yananing'inia mapazia.

Mimi ni fundi wa viti. Kazi niliyoanza nayo ni kuvalisha viti vya daladala na malori, na nilipokuwa msichana mdogo nilikuwa namshikia babu kitambaa cha tanga akipitisha dasi, ile kamba inayoshonewa ukingoni ili tanga lisichanike. Mengi ya aliyokuwa akiyasema yamenirudia kwenye kazi hii ya yoti, na nitayataja yanapohusika.

Boti ninayoieleza hapa ina urefu wa futi 34, yaani kama mita 10 na kitu. Mwenyewe ni mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi, sasa amestaafu na anataka kuvuka na familia yake kwenda Pemba, na siku nyingine kupeleka wageni visiwa vya Ulenge au Toten. Alinionyesha picha: kibanda cha buluu, plastiki angavu pande zote, hakuna upenyo hata wa kupitisha kidole.

"Nataka hiki hiki, mwanangu."

"Mjomba, hiki kimeshonwa kumkinga mtu na baridi. Sisi baridi tunaipata wapi? Ukikaa humu mwezi wa pili saa saba mchana, pale Raskazone, hamtakalika."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza sasa tufanyeje. Nikamwomba anipeleke botini, nikae tu humo kutwa nzima bila kupima kitu.

Ile siku ya kukaa tu ndiyo iliyonipa ramani. Ninaisisitizia sana kwa fundi yeyote anayetaka kuingia kazi hii. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa. Mchana paa linatosha. Lakini saa tatu asubuhi na saa kumi jioni jua linaingia kwa ubavuni, chini ya paa, na hapo ndipo watu wanaungua. Paa kubwa peke yake halikusaidii saa hizo. Unahitaji kitu cha kuning'iniza pembeni kinachokata jua na kuacha upepo upite.

Halafu upepo. Kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, inavuma takriban Desemba hadi Machi; kusi, ule wa kusini mashariki, inashika baada ya hapo hadi karibu Oktoba. Wete iko mashariki kabisa ya Tanga, Mkoani iko mashariki ikielekea kusini. Anayekwenda Mkoani wakati wa kusi upepo unamjia usoni, inabidi apige bisha, yaani aende mshazari mara kushoto mara kulia, na kila boti inapozama kwenye wimbi maji yanaruka kutoka omo na kutua kokpiti. Wakati wa kaskazi upepo unamjia kutoka kushoto. Akirudi Tanga na kusi, upepo na mvua vyote vinamjia kwa nyuma, penye bimini iliyo wazi. Kwa hiyo pazia la nyuma, ambalo wateja wengi huliona la anasa, kwa safari hii ni la lazima.

Boti ikiwa imetia nanga mambo yanabadilika tena. Kwa kawaida hugeuza omo kwenye upepo, hivyo mvua inapiga kofia ya mbele na kokpiti inabaki kavu. Lakini hapa kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa maji yanayokupwa ukiwa na nguvu kuliko upepo, boti hugeukia mkondo. Hapo mvua ya masika inaweza kukuingilia ubavuni au nyuma, na dakika ishirini baadaye ikahama upande. Hakuna upande wa kuuamini. Kila upande lazima uweze kufungwa, na kila upande lazima uweze kufunguliwa wakati ule ule mwingine umefungwa. Sentensi hiyo niliiandika kwa chaki ukutani kwenye karakana, na kila nilichokata baadaye nilikipima nayo.

Ukitazama hivyo, jibu linakuja lenyewe. Kila upande wa kibanda una vivazi vitatu vinavyotumia zipu moja: plastiki angavu kwa mvua, chandarua kwa mbu, na ile neti ya kivuli wanayotumia watu wa bustani za mboga kwa jua la ubavuni. Zipu zote ni za namba ile ile, urefu ule ule, meno ya upande ule ule. Pazia la mvua likitoka, chandarua kinaingia mahali pale pale. Anayelala botini karibu na mikoko anajua kwa nini chandarua si jambo dogo. Na hewa haipungui: pazia la mbele la kati linakunjwa juu, la nyuma linakunjwa juu, upepo unapita kutoka omo hadi tezi. Mvua ikija kwa mbele unafunga la mbele na kuacha la nyuma wazi nusu. Juu kabisa, kwenye ukingo wa nyuma wa bimini, nimeacha mwanya wa upana wa kiganja uliofunikwa na kishungi cha turubai kinachoelekea nyuma, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kukusanyika pale juu. Bila tundu pale, hata mapazia mawili yakiwa wazi kichwa kinabaki kwenye joto.

Vipimo sasa. Sikuanza na futi kamba. Nilinunua mabomba ya PVC ya maji ya nusu inchi, viwiko, na nailoni ya kufunikia, nikajenga kibanda cha uongo juu ya boti. Mwenye boti akakaa anavyokaa akiwa safarini. Akasimama. Akazungusha usukani. Akashuka chumbani na kupanda akiwa ameshika kitu mkononi. Mke wake naye akafanya hivyo hivyo, kwa sababu yeye ni mfupi kuliko mumewe na jicho lake liko mahali pengine kabisa. Kofia ya mbele niliyoiona nzuri kwa mume ilimkata mke katikati ya macho: ukingo wa juu wa dirisha ulikuwa sawasawa na mstari wa upeo wa bahari. Tukaishusha sentimita kadhaa hadi mrefu akaona kwa juu yake na mfupi akaona kwa kupitia dirishani. Ukingo wa kitambaa usiangukie kamwe usawa wa jicho la anayeshika usukani. Haya huyaoni kwenye karatasi.

Boriti ya chini ya tanga nayo ina haki yake. Inapita juu ya bimini ikihama kutoka upande hadi upande, na inapolegezwa inashuka. Ipime ikiwa imeshuka kabisa, si ikiwa imefungwa vizuri bandarini. Halafu winchi, ile ngoma ya chuma ya kukazia kamba. Mkono wa winchi wa kawaida una urefu wa inchi 10, kama sentimita 25, na unazunguka duara zima. Ongeza ngumi ya mtu na kiwiko chake. Kama bomba la kibanda liko ndani ya duara hilo, baharia ataumia vidole siku ya upepo, wakati ambao hana nafasi ya kuangalia. Nilichora duara kwa kamba na chaki kwenye kila winchi kabla ya kuamua nguzo zitasimama wapi. Na demani, ile kamba ya kulegeza na kukaza tanga kubwa, ilipita pale pale nilipotaka kuweka zipu ya kati. Zipu ikahama.

Mabomba ya PVC yalipokubalika, fundi wa kukunja akayafuata kwa bomba la stenlesi la milimita 25. Hapa usibane matumizi. Dukani utaambiwa stenlesi ni stenlesi. Ile namba 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayopambana na chumvi. 304 haina, na baharini itaanza madoa ya kutu ya kahawia, hasa kwenye maungio. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha kwa sababu zote mbili karibu hazivutwi kabisa. Nunua kwa mtu anayeweza kukupa karatasi ya bidhaa. Mahali skrubu za stenlesi zinapoingia kwenye aluminiamu, paka dawa ya kutenganisha, la sivyo aluminiamu italiwa na skrubu haitatoka tena.

Upinde wa kati wa paa niliuinua sentimita 10 kuliko kingo. Paa bapa hufanya bwawa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Paa letu lina mita za mraba 4, na mvua ya milimita 20, ambayo masika huimwaga asubuhi moja bila taabu, ni lita 80. Ikituama, kitambaa kinalegea, bwawa linakua, na kinachofuata ni mshono kuachia. Ikishuka vizuri, ni maji ya kuoga na kufulia. Nilishona mfereji mdogo wa turubai kila ubavu, wenye kitundu na mpira wa bomba unaoshuka kwenye dumu. Maji ya dakika za kwanza yaachwe yaende kwa sababu yanaosha chumvi ya paa. Mwenye boti aliupenda mfereji huu kuliko kazi nyingine yoyote niliyomfanyia, na namwelewa: kwenye boti ndogo maji matamu ndiyo yanayoamua utakaa nje siku ngapi.

Nguvu ya upepo ndiyo watu hawaifikirii. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, kilometa 36 kwa saa, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 6. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne: mita 20 kwa sekunde ni kilo 25 kwa kila mita. Ubavu wa kibanda wenye mita za mraba 3 utakuwa umebeba kilo 75, na zinakuja kwa vishindo, haziji taratibu. Ndiyo maana miguu ya bomba haikufungwa kwa skrubu za kuingia kwenye faiba peke yake. Kila mguu una bolti zinazopita hadi chini, na chini kuna bamba la kusambaza nguvu, na kila tundu limezibwa kwa gundi ya baharini ili maji yasiingie kwenye mbao iliyo ndani ya sitaha. Mapazia yakiwa yote yamefungwa, boti inabeba tanga ambalo huwezi kulishusha kwa kamba. Nilimwambia mjomba: upepo ukianza kuwa mkali, mapazia ya pembeni ndiyo ya kwanza kutoka, kabla hujapunguza tanga. Na nimeyashona yatoke kwa mkono mmoja.

Kitambaa. Kwenye maduka yetu utakuta turubai la PVC, lile la malori. Ni imara, halipitishi tone. Lakini ni zito, linafika gramu 600 kwa mita ya mraba na zaidi, halipumui, na chini yake joto linakaa. Nilitumia turubai la akriliki, ambalo ni kama gramu 300, limetiwa rangi kabla nyuzi hazijasokotwa, kwa hiyo jua halilichujui upesi. Linapitisha mvuke kidogo na linazuia maji kwa dawa iliyomo, ambayo hupungua kwa miaka na kurudishiwa. Tulibishana rangi. Yeye alitaka nyeupe. Nyeupe inaakisi jua vizuri juu, lakini ukiwa chini yake mwanga unapenya na kukuumiza macho, na baharini macho tayari yana kazi ya kutosha. Nyeusi inatoa kivuli kizito na inabeba joto. Tuliishia kwenye rangi ya mchanga uliolowa. Turubai la PVC sikulitupa: nililitumia kwenye viraka, mahali bomba linaposugua.

Uzi ni habari inayonifanya nipandishe sauti karakanani. Uzi wa nailoni wa kushonea viatu, tunaoupata kila kona Tanga, ni mzuri kwa viatu. Juani unakufa. Kitambaa kitabaki kizima na mshono utachanika ukiuvuta kwa kidole. Tumia poliesta nene iliyotengenezwa kwa kazi ya nje. Kwa paa, ambalo halitoki juani kamwe, nilitumia uzi wa PTFE, yaani wa teflon, ambao jua haliuharibu. Ni ghali na unateleza, itabidi urekebishe mkazo wa cherehani, na mwisho wake hauyeyuki ukiuchoma kwa kiberiti kama poliesta, kwa hiyo ufunge kwa kurudisha mshono. Sindano namba 18, hatua ya mshono milimita 4. Mshono mfupi kuliko huo unatoboa kitambaa mara nyingi mno.

Mishono yote ya paa imelaliana kuelekea chini, kipande cha juu kikipanda juu ya cha chini, kama makuti. Hakuna mshono hata mmoja unaotazama juu na kungoja maji. Na juu ya kila zipu kuna kishungi cha upana wa vidole vitatu, kwa sababu hakuna zipu inayozuia maji. Kishungi ndicho kinachozuia. Zipu zenyewe ni za plastiki, meno makubwa, namba 10. Ya chuma itaganda kwa chumvi kabla mwaka haujaisha.

Ukingo wa juu wa mapazia haukuhitaji zipu. Hapo nilimkumbuka babu. Nilishona kamba ndani ya pindo, dasi kama ya tanga, kisha dasi hiyo inapita ndani ya reli ya aluminiamu iliyofungwa kwenye ukingo. Pazia linateleza kuingia, halina mwanya wa maji, na mzigo wa upepo unagawanyika urefu wote badala ya kuvuta vifungo vichache. Babu alikuwa akisema dasi ndiyo inayobeba, kitambaa kinashika upepo tu. Kwenye pazia la plastiki maneno hayo yana uzito zaidi, kwa sababu plastiki inanyumbuka na kitambaa hakinyumbuki.

Na plastiki ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kuna ile ya bei nafuu inayouzwa kwa roli, na kuna ile ya kuuzwa kwa shiti, iliyobanwa na kung'arishwa. Ya roli, ukiitazama kwa pembeni bahari inaonekana inapinda. Kwa pazia la nyuma inavumilika. Kwa madirisha ya mbele, anakoangalia mtu wa usukani, nilikataa. Pale tuliweka shiti ya milimita 1. Pembeni 0.75, ambayo ni nyepesi na inakunjika kirahisi.

Plastiki hutanuka ikipata joto na kunywea ikipoa. Ukipima saa saba mchana, ikiwa laini na imetanuka, kesho alfajiri baada ya mvua zipu hazitakutana. Napima na kuweka alama asubuhi, jua halijapanda. Nailaza plastiki juu ya turubai zima, nashona kuzunguka, ndipo nageuza na kukata turubai la ndani ya fremu. Hivyo pazia halipotoki wakati wa kushona. Na mahali ambapo plastiki ingegusa bomba la stenlesi nimeweka ukanda wa turubai katikati. Bomba likishika jua la Tanga linachoma plastiki na kuacha mstari wa kahawia usiotoka.

Utunzaji nilimwandikia kwa mkono kwenye karatasi iliyofungwa nailoni, ikabandikwa ndani ya kabati la botini. Usifute plastiki ikiwa kavu. Chumvi ni mchanga mdogo, itaikwaruza. Mimina maji matamu kwanza, kisha kitambaa laini. Usitumie spiriti wala dawa za vioo zenye amonia. Mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya mbu ya kupaka mwilini vinaiharibu plastiki, mtu aliyejipaka asiegemee. Zungushia pazia kwenye bomba la PVC na shuka laini katikati, usilikunje kamwe kama nguo. Likiwa halitumiki, livalishwe fuko la turubai.

Nikaongeza jambo ambalo nalisema kwa kila mteja na nitaendelea kulisema. Kibanda kilichofungwa kinaweza kuua. Injini ikiwaka, moshi hutokea nyuma, na boti inayokwenda mbele huacha nyuma yake hewa inayozunguka. Pazia la nyuma likiwa wazi na la mbele limefungwa, moshi huo huvutwa kuingia ndani. Ndani ya moshi huo kuna monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia. Jiko la gesi nalo, likiwaka kwenye kibanda kilichozibwa, linaitoa. Ukiwasha injini, fungua la mbele kwanza ili hewa isukumwe kutoka omo. Mwanya wa juu niliouacha hauna zipu wala kifungo. Mjomba aliniuliza kwa nini hauwezi kufungwa, maana mvua ya nyuma ingeweza kurusha matone. Nilimjibu kwamba nimekusudia usifungike. Kishungi kinatosha kwa matone.

Kutoka nje nako. Kila zipu ya pembeni ina vishikio pande zote mbili, ndani na nje, na kila kishikio kina utepe mrefu ambao mkono uliolowa unaweza kuushika gizani. Milango ni miwili, kulia na kushoto, kwa sababu boti ikilala upande mmoja, mlango wa chini huna haja nao. Mtu akianguka majini hutaki kuanza kutafuta njia.

Kuhusu usiku, nilijifunza zaidi kwa mwenye boti kuliko yeye kwangu. Alisema mlango wa ghuba una ngalawa zisizo na taa, na usiku wa giza wapo wavuvi wa dagaa wenye taa kali zinazokupofusha usione mwingine aliye karibu. Plastiki yenye matone, ikipigwa na mwanga wa dira au simu kutoka ndani, inakuwa ukuta. Kwa hiyo dirisha la kati la mbele linakunjwa juu na kufungwa kwa kamba mbili, na nahodha anapata upenyo wa wazi wa kuangalia huku pembeni kumefungwa. Pia nimekata dirisha dogo kwenye paa, juu ya usukani, ili aone kilele cha mlingoti na tanga lake bila kutoa kichwa. Lina kifuniko cha turubai cha mchana. Lisipofunikwa, jua linampiga utosini.

Vipande vimekuwa vingi, na gizani vyote vinafanana ukivishika. Nimeshonea utepe mwekundu kwenye kila kipande cha kushoto na wa kijani kwenye kila cha kulia, sawa na taa za boti. Mwisho wa utepe una fundo moja kwa plastiki, mawili kwa chandarua, matatu kwa neti ya kivuli, ili vidole vijue bila macho.

Kibanda kimewekwa botini tangu vuli na sasa kinangoja masika. Nimekubaliana na mjomba kwamba mvua kubwa ya kwanza ikija nitakuwa botini na chaki, nitie alama kila mahali tone litakapopenya. Pazia la nyuma la neti bado liko kwenye cherehani, na mkewe ameomba paa la ziada la kutandaza mbele ya mlingoti wakitia nanga, ili chumba cha mbele kipate kivuli. Kwa hilo nitatumia kamba na miti miwili tu, bila bomba, lishuke kwa dakika upepo ukibadilika.